Moto wa Uani: Kuchagua na Kutumia Jiko la Nje Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, jioni katika nyanda za Kaputiei huwa na baridi ambayo wageni wengi hawaitarajii. Upepo hupita bila kizuizi, na nyumba nyingi za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini hazikujengwa na mahali pa kuotea moto ndani. Ndiyo sababu katika mitaa kama Acacia na Noonkopir, sehemu ya moto uani imekuwa jambo la kawaida. Kwa mmoja ni jiko la mawe lenye dohani, kwa mwingine ni rimu kuukuu ya gari, na kwa wa tatu ni pipa lililokatwa katikati na kuwekewa wavu wa kuchomea nyama.

Kuota moto nje si jambo geni Kajiado. Jamii ya Wamaasai ina olpul, kambi ya kula nyama ambayo kwa desturi huwekwa mbali na boma, penye miti na karibu na maji. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ndiyo kipimo cha wengi Kitengela, haina umbali huo wala mto. Kwa hivyo anayetaka moto uani anapaswa kuanza na tepu ya kupimia kabla ya kuzungumza na fundi.

Kipimo cha kukumbuka ni mita 3. Moto ukae angalau umbali huo kutoka ukuta wa nyumba, ua wa miti, kamba ya nguo, tangi la plastiki la maji na gari. Juu yake pawe wazi kabisa, bila tawi, bila kivuli cha turubai, bila waya wa umeme. Ploti yenye upana wa futi 50 ni kama mita 15, na nyumba ikishachukua nafasi yake, mara nyingi mahali panapofaa ni pamoja tu. Wengine watakuta hakuna hata hapo pamoja. Hao wanafaa kubaki na jiko dogo la kubebeka, na si aibu.

Jambo la pili ni upepo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa kaunti hii hutoka pande za mashariki, kaskazini mashariki mwanzoni mwa mwaka na kusini mashariki katikati ya mwaka. Ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Kipeto, mradi wa megawati 100 ulioanza kazi 2021. Jiko la mawe likielekeza mdomo mashariki, upepo huingia na kutawanya majivu na cheche. Likielekezwa magharibi, hewa huzunguka mbele ya jiko na kuvuta moshi hadi kwa walioketi. Linalotulia ni lile linalopigwa na upepo ubavuni, yaani mdomo uangalie kaskazini au kusini. Hata hivyo kila ploti ina kona zake, na jengo la ghorofa la jirani hugeuza upepo wote. Njia rahisi ya kujua ni kuchoma nyasi mbichi kidogo ndani ya mkebe, mahali jiko litakapokaa, jioni tatu au nne, na kutazama moshi unakokwenda. Ukienda kwenye dirisha la chumba cha watoto la nyumba ya pili, hapo si mahali pake.

Kwa anayejenga jiko la kudumu, adui wa kwanza yuko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Kitengela imelala juu ya udongo mweusi ambao mafundi huuita blaki kotoni. Udongo huu huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na jiko la mawe lililowekwa juu yake bila msingi hupata ufa baada ya misimu michache ya mvua. Ufa wa dohani si suala la sura tu, kwa sababu cheche na moshi hupitia hapo. Msingi uchimbwe hadi kufikia maramu au mwamba, kama ule wa nyumba. Gharama hiyo huwashangaza wengi, na ni moja ya sababu za kufikiria jiko la chuma kwanza.

Mawe nayo si yote ya kuwekwa karibu na moto. Mawe ya mtoni hupendwa kwa uzuri wake, lakini huweza kuwa na maji ndani. Yakipata joto la ghafla, maji hayo hugeuka mvuke na jiwe hulipuka vipande. Marumaru na mawe ya chokaa, ambayo Kajiado inayo kwa wingi, yana tatizo jingine. Yakichomwa kwa joto kali kwa muda mrefu hugeuka kuwa chokaa hai, kama inavyofanyika makusudi katika tanuri za chokaa, na mvua ikinyesha chokaa hiyo huchemka na kumomonyoka. Marumaru yanafaa kupamba nje ya jiko, mbali na ndimi za moto. Ndani, pale moto unapokaa, patumike matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo wa mfinyanzi unaostahimili joto. Saruji ya kawaida huachia ikipashwa mara kwa mara.

Dohani, au chimni kama mafundi wengi wanavyoiita, mara nyingi hujengwa nyembamba mno, kisha lawama huelekezwa kwa kuni. Kanuni ya mafundi ni kwamba nafasi ya ndani ya dohani iwe kati ya sehemu moja ya nane na moja ya kumi ya ukubwa wa mdomo wa jiko. Mdomo wenye upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60 una sentimita mraba 4,800. Moja ya nane yake ni 600, kwa hivyo dohani ya sentimita 25 kwa 25 inatosha. Dohani fupi ya uani huvuta moshi kwa unyonge kuliko ndefu ya nyumba, kwa hivyo ni salama kuegemea upande wa moja ya nane. Jiko likishakauka, mioto michache ya kwanza iwe midogo, ili unyevu uliobaki ndani ya matofali utoke taratibu.

Jiko la chuma huondoa shida ya msingi na linaweza kuhamishwa mpangaji anapohama. Mafundi wa jua kali kando ya barabara ya Namanga hulitengeneza kwa siku moja au mbili. Mnunuzi aulize mambo mawili. Kwanza, unene wa bati, maana jembamba hupinda na kutoboka haraka, ilhali la milimita 3 hudumu miaka. Pili, pipa lilibeba nini hapo awali. Pipa la kemikali au dawa za mifugo halifai hata likioshwa. Pipa lililobeba petroli au mafuta mengine ni hatari kwa fundi mwenyewe, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka anapolikata. Wavu wa nyama usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, kile kinachong'aa kama bati jipya la paa, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaodhuru mapafu.

Majiko ya gesi ya kupashia joto yameanza kuonekana katika mikahawa na baadhi ya nyumba. Hayana majivu wala cheche. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya chini, kwa hivyo mtungi usiwekwe shimoni wala penye uzio uliozibwa pande zote.

Kuhusu cha kuchoma, kuni kavu hushinda kila kitu kingine. Mbao zilizokatwa juzi huwaka kwa moshi mwingi na joto kidogo. Mti wa oloirien, mzeituni wa mwituni ambao familia nyingi hutumia kijinga chake kusafisha vibuyu vya maziwa, una joto zuri na harufu nzuri, lakini hukua polepole mno na si wa kukatwa kwa ajili ya kuota moto Jumamosi jioni. Matawi yaliyopogolewa ya miti iliyopandwa yanatosha. Kuna vitu ambavyo havifai kabisa. Nguzo za ua zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki hubaki kwenye moshi na majivu. Mbao zilizopakwa rangi, chipibodi na plastiki ziachwe pia. Ua wa mnyaa, unaoitwa pia manyara, una utomvu unaochoma macho. Oleanda, ua la waridi na jeupe linalopendwa kwenye malango, ni sumu kuanzia jani hadi shina, na vijiti vyake visitumiwe kuchomea mishikaki. Vivyo hivyo mti wa olmorijoi, ambao utomvu wake ulitiwa kwenye mishale.

Yote hayo ni matayarisho. Hatari kubwa ya moto wa uani huja baada ya wageni kuondoka.

Chukulia jioni ya Julai, saa nne usiku. Nyama imekwisha, watu wamelala, na ndani ya jiko kumebaki makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo. Mwenye nyumba anaona ni hasara yapotee bure, na kwa nia njema anamwambia mlinzi, "Mzee, chukua haya ujipashe." Mlinzi anayatia kwenye karai, anaingia nayo katika kibanda cha lango na kufunga mlango kwa sababu ya upepo. Au ni msaidizi wa nyumbani anayeyabeba hadi chumba chake cha nyuma. Au ni familia ya chumba kimoja cha mabati inayoingiza jiko ndani na kuziba matundu kwa magunia. Asubuhi hawaamki.

Kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Watu wengi huamini kwamba moshi ukiisha, hatari imekwisha. Kwa makaa mambo ni kinyume: yanapowaka mekundu na kimya ndipo yanaweza kutoa gesi hiyo kwa wingi. Hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kuiacha damu ikizunguka bila kubeba hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo mtu huweza kudhani ni mafua au homa. Aliyelala hazisikii kabisa. Mama mjamzito na watoto huathirika haraka zaidi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha, na sufuria ya maji kando ya jiko, inayowekwa na wengi, haiondoi gesi hii hata kidogo.

Anayemkuta mtu katika hali hiyo afungue mlango na madirisha, amtoe nje kwenye hewa safi, kisha apige 999 au 112 na kumfikisha hospitalini upesi, hata kama amezinduka. Maziwa hayatibu sumu hii, na kumnywesha aliyezimia kunaweza kumkaba. Mwajiri anayejali mlinzi wake ampe blanketi nzito, koti na chupa ya chai ya moto. Makaa yabaki uani.

Watoto wanaocheza karibu na moto huungua zaidi mikono na miguu, mara nyingi siku inayofuata, wakikanyaga majivu yanayoonekana yamepoa. Kidonda cha moto kimwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, samli na yai visipakwe, kwa kuwa hushika joto na kuleta maambukizi.

Nje ya ua la ploti kuna nyasi. Januari na Februari, kisha Agosti hadi mvua za Oktoba zinapoanza, cheche moja yaweza kuteketeza malisho hadi ukingo wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wafugaji waliopoteza ng'ombe katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2023 wanajua thamani ya ekari moja ya nyasi kavu. Siku ya upepo mkali moto usiwashwe. Siku nyingine, ndoo mbili za maji na moja ya mchanga zikae karibu kabla ya kiberiti kutolewa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero kwa umma, pamoja na huduma za zimamoto. Jirani anayesumbuliwa na moshi kila wiki ana haki ya kulalamika, ingawa mazungumzo ya awali langoni humaliza mengi. Anayejenga jiko la kudumu lenye dohani aulize kwanza katika ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti kama anahitaji kibali, na mpangaji aulize mwenye nyumba.

Mwisho wa jioni, makaa yatandazwe, yamwagiwe maji, yakorogwe, kisha yamwagiwe tena hadi yaache kutoa sauti. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa zaidi ya siku nzima, kwa hivyo majivu yasitiwe kwenye pipa la plastiki wala gunia la taka. Yakae kwenye debe la chuma lenye kifuniko, juu ya ardhi tupu, kwa siku mbili. Baadaye yanaweza kutupwa chooni cha shimo kupunguza harufu. Kwenye shamba la udongo mweusi yatumiwe kwa uchache, maana udongo huo mara nyingi una asili ya magadi tayari, na majivu huiongeza.