Filamu Ipo, Tovuti Yake Iko Wapi?

Wengi wetu tumekua na filamu za katuni, zile za kutazamwa na nyumba nzima. Filamu zenyewe hazina shida sana: kanda zipo, DVD zipo, na studio ina nakala zake. Kinachopotea ni vile vilivyozizunguka kwenye intaneti, yaani tovuti rasmi, michezo ya watoto, matangazo. Kwa anayesoma historia ya filamu, huo ndio ushahidi wa nani alilengwa na aliambiwa nini.

Chukueni Space Jam ya 1996, Michael Jordan akicheza mpira wa kikapu na Bugs Bunny. Tovuti yake ya mwaka huo iliandikwa kwa HTML tupu na vipicha vidogo. Ndiyo maana robo karne baadaye ilikuwa bado inafunguka. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2021, studio iliihamishia anwani nyingine, haikuifuta. Bahati hiyo ni chache.

Kwa zilizofutwa, tunakimbilia Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle kule San Francisco mwaka 1996. Hifadhi yake ya kurasa, Wayback Machine, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Programu yao inatembea kutoka kiungo hadi kiungo, inanakili inachokikuta na kukigonga muhuri wa tarehe. Kwenye anwani ya nakala utaona tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde (saa ya Greenwich, siyo ya Nairobi!). Hapo muwe macho. Maandishi ya ukurasa yanaweza kuwa yamenakiliwa Januari, na picha iliyo katikati yake Agosti. Ukiunukuu kwenye tasnifu kana kwamba wote ni wa siku moja, umemdanganya msomaji.

Balaa kubwa ni Flash. Miaka ya 2000 tovuti ya katuni bila Flash ilikuwa kama harusi bila pilau. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na hata faili lililohifadhiwa likakosa cha kulifungua. Una kanda lakini deki imekufa. Novemba 2020 Internet Archive ilianza kutumia Ruffle, programu inayoiga kazi ya Flash. Inasaidia, ila mchezo uliotegemea seva ya studio, seva ikizimwa, haurudi hivi hivi.

Na vya kwetu je? Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni uliochorwa Nairobi, ulianza kuonyeshwa na CBeebies ya Uingereza mwaka 2010. Mtu akitaka kuuandikia utafiti, kurasa za wakati ule atazihitaji pia.

Kwenye Wayback Machine kuna sehemu ya "Save Page Now". Bandika anwani, subiri, chukua kiungo chenye tarehe. Kwa kawaida inanakili ukurasa huo mmoja, siyo tovuti nzima, kwa hiyo rudia kwa kila ukurasa unaoutaka, halafu fungua nakala uhakikishe picha zimeingia.