SOMO: MGAO WETU HULIPWA NA NANI?

Ndugu wakimbizi, mgao ukipungua, lawama huwaangukia wagawaji. Tujifunze fedha hutoka wapi.

1. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huendeshwa kwa michango ya hiari, hasa ya serikali. Hakuna nchi inayolazimishwa kuchanga.

2. Fedha hizo ni kodi za wananchi wa nchi hizo. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliziomba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Ni chache zilizofikia.

3. Michango mingi ina masharti. Fedha za visima haziwezi kununua mahindi.

4. Serikali zikibadili nia, kambi huumia. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada mingi, na shirika lake la USAID likaacha kazi hiyo tarehe 1 Julai.

Kumbuka: kiasi kilichotangazwa kikiwa kidogo, sababu yaweza kuwa upungufu wa michango. Lakini ukipimiwa pungufu ya kilichotangazwa, hilo si la wafadhili. Iarifu kamati ya chakula siku hiyo hiyo.