Habari zikufuate kwenye simu

*Mimi ni mkulima wa ndengu karibu na Wote. Kila asubuhi nafungua tovuti tano au sita nikitafuta utabiri wa mvua, bei na matangazo ya kaunti. Bando linaisha, na mara nyingi hakuna jipya. Nifanyeje? – M., Makueni*

Ndugu M., mzunguko huo wa kila asubuhi una dawa. Tovuti nyingi huwa na mlisho, yaani faili fupi yenye vichwa vya habari mpya, tarehe na viungo. Mtindo wake unaojulikana zaidi, RSS, ulianza 1999. Programu ya kusomea milisho huzipitia tovuti zote kwa niaba yako, ikakuletea orodha moja. Faili hiyo ni maandishi tu, kwa hiyo haili bando kama ukurasa mzima wenye picha.

Kwa simu ya Android, jaribu Feeder: ni ya bure na haihitaji akaunti. Bandika anwani ya tovuti. Ikikataa, ongeza /feed mwishoni, maana tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress hukubali hivyo. Anza na tatu unazozitegemea kweli, na uzipange kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo letu Ukambani, ikiwemo Kitui na Makueni.

Vikundi vya WhatsApp haviingii humo. Tovuti isiyo na mlisho utaifungua mwenyewe, au umuulize afisa wa ugani wa wadi yako. Programu yoyote ikikuomba PIN ya M-Pesa, ifute mara moja.