Dawa ya Jua na Kadiri Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua kuwa taa, akatia ndani yake manufaa kwa viumbe vyake.

Ama baada ya haya: haifichikani kwamba watu tangu kale waliota jua kwa kutaka afya, lakini sababu ya manufaa yake haikubainika ila katika zama za karibu.

Tabibu Niels Finsen, huko Denmark, alitumia mwangaza wa jua na wa taa za umeme kutibu kifua kikuu cha ngozi, maradhi yalayo uso. Akapewa Tunzo ya Nobel mwaka 1903. Mwaka huo huo Auguste Rollier alifungua hospitali yake Leysin, katika milima ya Uswisi. Yeye hakuwaanika wagonjwa ghafula. Alianza kwa nyayo, dakika chache, kisha akazidisha siku baada ya siku.

Mwaka 1919, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya miale isiyoonekana kwa macho. Alimulika mkono mmoja, na mifupa ya mkono wa pili nayo ikapata nguvu. Ikajulikana kwamba ngozi ipigwapo na miale hiyo hufanya kitu kienezwacho na damu mwili mzima. Nacho leo huitwa vitamini D.

Akiuliza muulizaji: Je, mtoto akaaye nyuma ya kioo cha dirisha hupata faida hiyo? Jibu: La, kwani kioo huizuia miale ile. Basi hata pwani, penye jua tele, mtoto afungiwaye ndani huweza kuikosa.

Akiuliza: Je, mtoto mchanga mwenye manjano aanikwe nyumbani? Jibu: Apelekwe kwa tabibu upesi. Hospitalini huwekwa chini ya taa maalumu, tiba iliyoanza Uingereza katika miaka ya 1950. Na manjano ikizidi huharibu ubongo. Hali kadhalika mwenye kifua kikuu, dawa yake ni vidonge vya hospitali, wala jua halishiki mahali pake.

Tena jua likizidi huunguza ngozi na kuleta saratani, na watu wenye ualbino ndio wa kuhofiwa zaidi, wao wajifunike.

Basi jua ni neema yenye kadiri: aifungiaye mlango amejidhulumu, na aipitishaye mpaka amejidhulumu pia.

Wallahu a'alam.