Dondoo muhimu: Linux kwenye laptopu kuukuu

Usifute chochote kabla ya kuonja. Washa laptopu kwa flashi yenye Linux, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha kagua sauti na kamera. Ifunike, uifunue, uone kama inaamka.

Msumbufu mkuu ni waifai, hasa kadi za Broadcom. Andika lspci -nn kwenye terminali. Namba ya kadi itakayotokea ndiyo ya kutafutia draiva, si jina la laptopu. Tatizo ni kwamba draiva hupakuliwa kwa intaneti, na intaneti ndiyo huna! Chomeka simu kwa waya wa USB, kisha uiruhusu igawe intaneti kwa waya huohuo. Mara nyingi Linux huipokea papo hapo, bila draiva ya ziada.

Skrini ikibaki nyeusi, washa upya, na kwenye menyu ya kuwashia (GRUB) bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hiyo ni dawa ya muda. Ukizima na kuwasha tena, imepotea.

Kama prosesa ni ya biti 32, Linux ya Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Na ukipata fedha kidogo, nunua SSD kwanza.