Mgonjwa Akianguka Nyumbani, Usikimbilie Kumwinua

Somo letu la afya ya nyumbani katika toleo hili ni la kila mkaazi anayemtunza mzee, mtu aliyepata kiharusi, mtu mwenye ulemavu, au mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali na bado hajapata nguvu. Linahusu kuanguka, jambo ambalo familia nyingi hulipitisha kwa maneno mawili tu: "uzee huo".

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kati ya majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi kuliko hayo. Wanaoathirika zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea, na sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wa umri huo. Wengi wao hawako katika nyumba za kutunzia wazee. Wako majumbani, chumba cha nyuma, wakitunzwa na binti, mkwe, mjukuu au dada wa kazi.

Ndiyo maana mzee akianguka, wa kwanza kufika si daktari. Ni wewe. Na karibu kila mmoja wetu hufanya lile lile: humshika kwapani na kumvuta juu upesi, kwa huruma, au kwa kuona haya majirani wasije wakamkuta amelala chini. Hapo ndipo madhara mengine huanzia. Mfupa wa nyonga uliopata ufa tu huweza kuachana kabisa. Bega la upande uliopooza huteguka kwa kuvutwa mara moja. Ikiwa shingo imeumia, mvuto huo unaweza kumwacha mtu amepooza. Isitoshe, mtunzaji mwenyewe huumia mgongo, na sasa nyumba ina wagonjwa wawili.

Kabla ya kuinua, tazama

Tuseme ni bibi wa miaka 76, anaishi na binti yake katika nyumba ya kupanga hapa Frere Town, si mbali na Kengeleni. Saa tisa usiku ameamka kwenda msalani, na binti anasikia kishindo. Afanye nini?

Ajiangalie yeye kwanza asiteleze kwenye maji yale yale. Awashe taa. Apige magoti karibu na mama yake na kumsemesha kwa upole: "Mama, nipo. Usiinuke kwanza. Wapi panauma?" Jibu lenyewe ni kipimo. Mtu anayejibu sawasawa yuko macho na anapumua. Akijibu maneno yasiyoeleweka, au mdomo umeenda upande, au mkono mmoja hauna nguvu, huenda kiharusi ndicho kilichomwangusha, na kila dakika ina thamani.

Akiwa hajibu lakini anapumua, ageuzwe taratibu alale ubavu, kichwa na shingo vikienda pamoja na mwili, ili matapishi au mate yasimpalie. Akiwa hapumui, aite watu kwa sauti, mmoja apige simu, naye aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha mpaka msaada ufike.

Ikiwa yuko macho, atazame miguu. Dalili ya nyonga iliyovunjika huonekana hata bila eksirei: mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala kwa nje. Mgonjwa husikia maumivu kwenye kinena au paja, na hawezi kuuinua mguu huo. Lakini si kila aliyevunjika huonyesha dalili hizi. Wapo wanaoweza hata kusimama wakichechemea, kwa hiyo maumivu ya kinena yasiyoisha baada ya kuanguka ni ya kupelekwa hospitali hata kama mguu unaonekana sawa.

Ukiona dalili hizo, au maumivu ya shingo na mgongo, au damu nyingi, au kichwa kimegonga, mwache pale pale sakafuni. Mfunike kwa leso au shuka, maana hata Mombasa sakafu ya saruji hupoza mwili wa mzee. Usimpe chakula wala chai. Akihitaji upasuaji, tumbo tupu litamsaidia. Piga 1199, laini ya ambulansi ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au nambari za dharura 999 na 112.

Ikibidi umpeleke kwa gari la jirani, alale chali. Weka mto katikati ya miguu, uifunge pamoja kwa leso mbili au tatu bila kukaza sana, kisha watu wanne wambebe juu ya ubao au godoro gumu. Bodaboda haifai kabisa kwa mtu unayeshuku amevunjika nyonga, na tuktuk, ambako itabidi akunjwe ili akae, si bora zaidi. Tunajua ndizo zinazopatikana usiku mitaani, na tunajua watu huzitumia. Bado tunasema: bora kusubiri nusu saa akiwa amelala kuliko kumpitisha matuta yote hadi darajani Nyali akiwa amekaa juu ya mfupa uliovunjika.

Na kuna jambo la mafuta. Pwani mkandaji huitwa mapema, mara nyingine kabla ya daktari. Kukandwa kuna nafasi yake kwa misuli iliyochoka, lakini mfupa uliovunjika haukandwi. Mishipa na nyama zilizo karibu nao huchanika zaidi, na siku zinazopotea ndizo zinazomletea mzee vidonda vya kulala, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Wazee wengi waliovunjika nyonga hawauawi na mfupa wenyewe bali na hizo wiki za kitandani.

Kuhusu gharama: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo usingoje usiku wa ajali ndipo ujue kama mzee wako amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Msajili leo, na uiweke nakala ya kitambulisho chake mahali panapojulikana na wote nyumbani.

Akiwa hana dalili mbaya, aamke mwenyewe

Hapa pia si kazi ya kuvuta. Mwache apumzike dakika chache. Leta viti viwili imara, si vya plastiki vinavyopinda. Ageukie ubavu, ajisukume hadi awe amepiga magoti na kutegemeza mikono sakafuni, kisha atambae hadi kwenye kiti cha kwanza na kuweka mikono juu yake. Atangulize mguu wenye nguvu, unyayo ukiwa umekanyaga chini, ajisukume juu. Wewe unasogeza kiti cha pili nyuma yake akae. Mkono wako uko mgongoni mwake kumwongoza tu. Akishindwa mara mbili, basi hana nguvu za kutosha au kuna kilichoumia usichokiona. Mfunike na uite msaada.

Njia ya kwenda msalani

Ukitaka kujua mzee wako ataangukia wapi, fuata njia yake ya usiku kutoka kitandani hadi chooni, taa ikiwa imezimwa. Utakutana na ukingo wa mkeka uliokunjika, waya wa feni, ndara za wajukuu, kizingiti, ndoo za maji zilizojazwa kwa sababu mfereji hutoka siku fulani tu, na mwisho sakafu ya bafu iliyo na povu la sabuni. Katika nyumba nyingi za Kiswahili na ploti za kupanga choo kiko uani, na kuna ngazi moja au mbili za kushuka gizani.

Si lazima ujenge upya. Mkeka utolewe njiani. Ndoo zihamie upande mmoja. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe ili jicho lenye mtoto wa jicho likione. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukutengenezea chuma cha kujishikia, kikafungwa ukutani kando ya choo kwa boliti, si kwa misumari. Pale choo kilipo mbali, ndoo yenye mfuniko au kiti cha choo kando ya kitanda usiku si aibu. Leso au kikoi kifungwe kisiburute. Ndara zilizolika soli zitupwe. Kiatu chepesi chenye mkanda wa nyuma ni bora.

Wanaotia udhu kabla ya alfajiri wako hatarini zaidi: giza, miguu iliyolowa, na usingizi bado haujaisha. Kigoda cha kukalia wakati wa kuosha miguu na taulo la kuikausha pale pale vinatosha kuondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Kuna kuanguka kusikotokana na sakafu. Dawa za presha, za usingizi na za kisukari zinaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama. Mfundishe akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu polepole hadi thelathini, ndipo asimame. Miezi ya joto kali, Januari hadi Machi, wazee hunywa maji machache ili wasisumbue watu kuwapeleka chooni, na upungufu huo wa maji huwaangusha. Kabla ya Ramadhani, mwenye kutumia dawa hizo azungumze na daktari kuhusu saa za kuzimeza, au kama anaweza kufunga. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako.

Mkongojo nao una kanuni mbili ambazo wengi hukosea. Kichwa chake kifike kwenye kiungo cha kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama na mikono imening'inia. Na ushikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Mpira wa chini ukilika, nunua mwingine.

Mtu aliyepata kiharusi huangukia upande wake dhaifu, kwa hiyo simama upande huo unapotembea naye. Na usimshike mkono uliopooza, mshike kiunoni.

Kengele

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa Church Missionary Society kama makao ya watumwa walioachwa huru, na kengele iliyolipa jina eneo la Kengeleni ilikuwepo ili kuwaonya watu hatari inapokuja. Mgonjwa wako pia anastahili kengele yake. Iwe kengele ndogo ya mkononi, filimbi, au kijiko na sufuria karibu na mto. Mtu aliyelala sakafuni saa nyingi bila kusikika huishiwa maji mwilini, misuli yake huharibika kwa kukandamizwa, na figo zake huweza kuathirika, hata kama hakuvunjika popote.

Usimfunge kitandani. Tunalisema hili wazi kwa sababu hutokea, hasa kwa wazee wenye maradhi ya kusahau, na anayefunga kwa kawaida si mtu katili bali ni mtu aliyechoka. Aliyefungwa huhangaika kujinasua na huweza kunyongwa na leso yenyewe. Anayewekewa kizuizi kirefu hukipanda, na sasa anaanguka kutoka juu zaidi. Shusha kitanda, au weka godoro la pili chini kando yake, na mpeleke msalani kwa saa maalum kabla hajaanza kutafuta njia mwenyewe.

Siku zinazofuata

Aliyegonga kichwa achunguzwe kwa karibu siku mbili za kwanza: usingizi usio wa kawaida, kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi, kuchanganyikiwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Andika kwenye daftari: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, dawa gani alikuwa amemeza, alisikia kizunguzungu au aliteleza. Mwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii anayepitia mtaa wenu, au uende nalo zahanati. Kuanguka mara mbili ndani ya mwaka ni sababu tosha ya kupimwa presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, kupimwa macho, na kupitiwa upya orodha ya dawa.

Baada ya kuanguka, wengi huogopa kutembea, na familia humwambia mzee akae tu. Misuli ya mapaja hulegea, na safari ijayo ya chooni huwa ngumu zaidi. Ikiwa daktari ameona hakuna mfupa uliovunjika, aanze tena kidogo kidogo: ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano asubuhi na mara tano jioni, meza ikiwa mbele yake ya kujishikia. Kisha, jua likipungua, mtembeze hadi barazani akae na wenzake.