Mama Anakuja London: Mpokee Bila Kumfungia Ndani

Mzazi anayetoka Tanga au Kisumu kuja kumtembelea mwanawe London hujiandaa kwa baridi, kwa ndege na kwa maswali ya uhamiaji. Ambalo hajiandai nalo ni upweke. Kwake mlango unashinda wazi, jirani anapita kuomba chumvi, watoto wa mtaa wanaamkia. Hapa mnaondoka alfajiri, mmoja shifti ya hospitali, mwingine kazi ya ofisini, watoto shuleni, naye anabaki na televisheni asiyoielewa na mlango unaojifunga wenyewe. Wiki ya pili anaanza kuuliza tarehe ya kurudi.

Wengi wetu tunajaribu kuliponya hilo kwa kumtembeza zaidi mwisho wa wiki. Jumamosi anaona Big Ben, anapiga picha mbele ya kasri la Buckingham, na Jumatatu upweke uko palepale. Ushauri wangu ni huu: kabla ya kupanga matembezi, panga namna mgeni wako atakavyoweza kutoka nje na kurudi mwenyewe. Mengine yote yajengwe juu ya hilo.

Zungumzeni kabla ya tiketi

Viza ya kawaida ya matembezi ya Uingereza humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Maombi yanaweza kutumwa hadi miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Anza mapema, na usinunue tiketi kabla ya viza kutoka. Barua yako ya mwaliko itaje uhusiano wenu, anwani, muda wa kukaa na gharama utakazobeba. Yeye naye aonyeshe kinachomrudisha nyumbani: shamba, biashara, pensheni, familia inayomtegemea.

Miezi 6 ni ukomo, si lazima akae yote. Kwa nyumba ya vyumba viwili ambayo kila mtu anafanya kazi, wiki 3 hadi 6 zinatosha kukaa vizuri na kuachana mkiwa bado mnatamaniana. Chagua majira pia. Mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku. Katikati ya Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mzee anayekuja mara ya kwanza aje kati ya Mei na Septemba. Na kama umepanga, soma mkataba wako wa nyumba uone unasemaje kuhusu wageni wa muda mrefu.

Lililo gumu zaidi ni fedha, na ndilo tunaloliacha hadi mgeni ameshafika. Kwa mzazi, wewe ndiye unayebeba, hilo halina mjadala. Kwa binamu au rafiki wa shule, sema wazi tangu mwanzo: "Kaka, karibu kwa moyo wote. Nina nafasi kuanzia tarehe 5 hadi 19 Julai. Malazi na chakula ni juu yangu. Nauli na matumizi yako ujipange. Mwezi wa nane sitaweza, niko shifti za usiku." Maneno hayo hayavunji undugu. Kinachouvunja ni kununa kimyakimya wiki ya tatu.

Afya na dawa

Mkatie bima ya safari inayotaja magonjwa aliyonayo, hasa kisukari na presha. Huku England mgeni hutibiwa bure katika idara ya dharura na anaweza kuonwa na daktari wa mtaa bila malipo, lakini akilazwa hospitalini atadaiwa, na bili huwa kubwa. Dawa zake zitoshe siku zote za ugeni pamoja na wiki moja ya akiba, zikae katika mfuko wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na cheti cha daktari kando.

Kutoka uwanjani

Wakati wa kununua tiketi, omba msaada wa kiti cha magurudumu hata kama mzee anatembea vizuri. Huduma hiyo hailipiwi, na humpatia mtu wa kumwongoza kutoka mlango wa ndege, kupitia uhamiaji, hadi pale unapomsubiri. Mwandikie karatasi yenye anwani yako, namba yako ya simu na tarehe ya kurudi. Afisa akiuliza, anaitoa. Mwambie mapema asifungashe nyama wala maziwa, kwani haviruhusiwi kuingia, hata kama ni vya kula nyumbani tu. Unga, dagaa, viungo na majani ya chai vijadilini kimoja kimoja kabla hajafunga begi, ukiangalia kanuni za wakati huo.

Ukimpokea Heathrow bila gari, treni za Elizabeth line zinafaa kuliko Piccadilly line: ni za haraka, na vituo vyake vyote vina lifti au njia isiyo na ngazi. Uje na koti lake mkononi. Usimwache anunue la bei mbaya kabla ya kusafiri. Maduka ya hisani ya hapa yana makoti mazuri kwa bei ndogo.

Nyumba iseme karibu

Siku ya kwanza mzungushe nyumba nzima taratibu. Mwonyeshe jiko linavyowashwa na kuzimwa, bomba lipi linatoa maji ya moto kiasi cha kuunguza, na king'ora cha moshi kitakacholia akikaanga vitunguu bila kufungua dirisha. Weka kopo la maji chooni, maana karatasi peke yake haimtoshi. Mwonyeshe upande wa kibla, au mtafutie ibada ya Kiswahili ya Jumapili. Mpe funguo zake mwenyewe, na umsimamie azitumie kwa mkono wake: kufungua, kutoka, kufunga, kurudi. Mama asiye na funguo amefungwa, hata ukimwekea blanketi la hariri.

Mfundishe basi moja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usimfundishe ramani ya London. Mchagulie njia moja ya basi inayopita karibu na mlango wenu na kumfikisha mahali anapopapenda: soko, msikiti, kanisa, au kwa ndugu mwingine. Basi linamfaa mzee kuliko treni ya chini ya ardhi. Halina ngazi ndefu wala haraka, na anaona jiji kupitia dirishani.

Mnunulie kadi ya Oyster kituoni na uiwekee fedha, kwa kuwa mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Kila msafiri awe na kadi yake. Kisha mpande pamoja, wewe ukikaa nyuma yake.

Mara ya kwanza unamwonyesha. Anaingia mlango wa mbele, anamsalimu dereva, anagusisha kadi kwenye mashine ya manjano mara moja tu. Wakati wa kushuka hagusishi tena. Sauti ndani ya basi inataja kila kituo, na jina linaandikwa kwenye skrini iliyo mbele. Kituo chake kikitajwa, anabonyeza kitufe chekundu kwenye nguzo. Mpigie picha kituo cha kwenda na kile cha kurudi, pamoja na herufi iliyo juu ya nguzo. Magari hapa yanapita kushoto kama nyumbani, kwa hiyo basi la kurudi atalipata ng'ambo ya barabara.

Mara ya pili yeye ndiye anayeongoza na wewe unanyamaza, hata akikosea. Mara ya tatu aende peke yake mchana, simu ikiwa na chaji, bando na jina lako juu kabisa. Akipotea, ashuke, aingie dukani, akupigie, ampe simu mwenye duka. Zoezeni hilo pia.

Kwa wanaoishi kaskazini mashariki, soko la Ridley Road pale Dalston ni pa kuanzia pazuri: mihogo, ndizi za kupika, bamia, samaki, na wauzaji wanaoongea na mteja. Kwa mama Mwislamu anayekaa mashariki, msikiti wa East London pale Whitechapel una jengo la Maryam Centre, lililofunguliwa 2013 kwa ajili ya wanawake.

Siku ya tatu, jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hiyo kumfukuza mgeni kiungwana. Kwa mzazi aliye ugenini ni tiba. Mtu aliyelea watoto sita na kulima ekari zake hawezi kukalishwa kwenye sofa mwezi mzima akaona raha. Mpe jiko siku mbili za wiki. Akitaka kwenda na mjukuu shuleni, aende. Muombe awafundishe watoto kupika chapati, na kuwasalimia wakubwa kwa Kiswahili kamili. Iwe ni msaada wa kifamilia na kwa hiari yake, usimgeuze yaya wa kutwa. Hakuja kufanya kazi, na viza yake haimruhusu kuajiriwa.

Matembezi kwa kipimo

Kutoka mara moja au mbili kwa wiki kunatosha, sehemu moja kwa siku. British Museum na jumba la historia ya viumbe, Natural History Museum, hayana kiingilio kwa maonyesho ya kudumu. Bustani ya Greenwich nayo ni bure, na kilimani pake unaona mto Thames na jiji lote. Beba chai kwenye chupa na maandazi, kaeni kwenye benchi, muda wa mazungumzo upatikane.

Kurudi

Mzigo wa kurudi una ugomvi wake. Kila aliyesikia kuhusu safari ametuma oda ya viatu na simu. Wiki moja kabla, kaa na mgeni wako na mizani ya mkono, muorodheshe nani anapata nini na nani anunue mwenyewe. Mama ndiye aamue, kwani ndiye atakayewakabili.

Na arudi kabla viza haijaisha, hata kama wote mnalia. Mtu aliyeheshimu tarehe zake ana hoja nzuri atakapoomba tena, na aliyejua njia ya sokoni atataka kuomba tena.